Sura ya Nne: Lita Hamsini, Dakika Sita

Mbwa wamo ndani ya Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996. Hawamo kwenye kurasa za mbele, zile zinazotaja utu, usawa na haki ya kila mtu kupata maji ya kutosha. Wamo kule nyuma, Jedwali la Tano, Sehemu B, katika orodha ya kazi zilizoachiwa serikali za mitaa: makaburi, machinjio, masoko, taa za barabarani, kelele, maegesho ya magari na leseni za mbwa. Katika Jedwali la Nne, serikali hizo hizo zimetwishwa mzigo mzito zaidi: maji safi ya bomba na maji taka.

Diwani wa Cape Town basi huchaguliwa kwa yote mawili. Anaweza kushinda kutwa kwenye kikao kinachojadili mabwawa yanayokauka, akirudi nyumbani akapigiwa simu na mkazi anayelalamika kwamba mbwa wa jirani hamwachi alale. Malalamiko ya namna hiyo huchekesha watu. Lakini ukame ulioukumba mji huo kati ya 2015 na 2018 ulionyesha kwamba zana za halmashauri ni zile zile, kwa mbwa na kwa maji. Halmashauri haiwezi kuleta mvua, wala haiwezi kumfunza mbwa adabu. Inachoweza ni kuweka kiwango ambacho mwananchi atakihesabu mwenyewe, kukipitisha kwa kura halali, na kukitangaza. Kiwango kikieleweka na utaratibu ukiaminika, watu hufuata. Kimojawapo kikikosekana, hata hesabu nzuri huanguka.

Saa mkononi

Sheria ndogo ya wanyama ambayo Cape Town iliipitisha mwaka 2010 ilibidi ijibu swali ambalo kila mwenyekiti wa mtaa ameshaulizwa: mbwa anayebweka kupita kiasi ni yupi? Mwenye mbwa atasema wake hubweka kidogo tu, tena akisikia mwizi. Jirani ataapa kwamba hajapata usingizi wiki nzima. Afisa akifika, mbwa amejilaza kivulini, kimya.

Waandishi wa sheria wakaamua kuhesabu dakika. Mbwa akibweka au kulialia kwa zaidi ya dakika 6 ndani ya saa moja, au zaidi ya dakika 3 ndani ya nusu saa, hiyo ilikuwa kero kisheria. Tena dakika hizo zilijumlishwa. Akibweka sekunde 40, akanyamaza, akaanza tena lilipopita gari la taka, vipande vyote viliingia kwenye hesabu. Jirani aliyekosa usingizi akapata kazi ya kufanya usiku: kukaa dirishani na saa na daftari. Kesi iliyokuwa ya nani kachoka zaidi ikawa kesi ya nani ana kumbukumbu nzuri zaidi.

Idadi ya mbwa nayo iliwekewa ukomo kwa kufuata aina ya makazi. Flati iliruhusiwa mbwa 2, nyumba ya kawaida 3, nyumba kubwa 4, na shamba 6. Paka walikuwa 4. Aliyetaka kuzidisha alipaswa kuomba kibali. Mtu anaweza kubishana na viwango hivyo: mbwa wakubwa wawili ndani ya flati wanaweza kusumbua kuliko vijibwa vitano kwenye nyumba yenye uwanja. Lakini afisa anayegonga mlango hahitaji mizani wala elimu ya mifugo. Anahesabu mpaka sita, basi. Mwaka 2021 halmashauri ilipitisha sheria ndogo mpya ya ufugaji ili ichukue nafasi ya ile ya 2010.

Kutoka 87 hadi 50

Maji ya Cape Town hutoka mvua za majira ya baridi, kati ya Mei na Agosti hivi, zinazojaza mabwawa sita makubwa milimani na kwenye mabonde ya mashamba ya matunda. Bwawa la Theewaterskloof peke yake huchukua zaidi ya nusu ya akiba yote. Mvua za 2015 zilikuwa haba. Za 2016 hazikufidia. Za 2017 zikawa mbaya zaidi, na kufikia mapema 2018 sehemu kubwa ya sakafu ya Theewaterskloof ilikuwa mchanga mkavu uliotapakaa visiki.

Mwanzoni jiji lilifanya kama miji mingine ifanyavyo: lilipanga siku za kumwagilia bustani, kisha likapiga marufuku mpira na kuruhusu ndoo tu. Mapema 2017 lilichapisha orodha ya watumiaji wakubwa 100, likitaja mitaa yao bila namba za nyumba. Vitongoji vya matajiri vilijaa tele. Orodha ilisisimua magazeti, ila haikumwambia mama wa Mitchells Plain au mzee wa Gugulethu afanye nini leo asubuhi.

Kilichowaambia ni kiwango cha kila kichwa. Katikati ya 2017 kilikuwa lita 100 kwa siku, mwezi Julai kikashushwa hadi 87, na tarehe 1 Februari 2018 kikawa 50, popote mtu alipo, nyumbani, kazini au shuleni. Magari yasioshwe kwa maji ya bomba. Mabwawa ya kuogelea yasijazwe. Bustani zife.

Lita 50 zinaonekana nyingi mpaka uanze kuzigawa. Bomba la mvua la kawaida humwaga takriban lita 10 kwa dakika, kwa hiyo dakika mbili za kuoga zimekula lita 20. Kuflashi choo mara moja ni lita 9 au zaidi. Kupika, kuosha vyombo, kufua, kupiga mswaki, kunywa: vyote vigombanie kilichobaki. Bakuli la mbwa nalo hujazwa kutoka humo humo. Watu wakajifunza kuoga wakiwa wamesimama ndani ya beseni, na maji yale yenye povu yakaenda kuflashia choo, tena kwa haja kubwa tu. Kwenye vyoo vya hoteli na ofisi vikabandikwa vibao vya kumwomba mgeni asiflashi haja ndogo. Wenye nyumba walioona aibu kuwa na bustani mbichi wakaweka kibao getini kinachosema maji yao ni ya kisima.

Nguvu ya lita 50 ilikuwa kwamba zilitafsirika kwenye mita. Familia ya watu 4, kila mmoja lita 50, kwa siku 30, ni lita 6,000 kwa mwezi, yaani uniti 6. Baba wa nyumba angeweza kutoka nje asubuhi, kufunua kifuniko cha mita, na kujua kama wako ndani ya mstari. Mwezi Januari 2018 jiji likaongeza ramani ya mtandaoni iliyoonyesha kwa alama za kijani nyumba zilizobaki chini ya kiwango. Wapo waliolalamika kwamba huo ni umbea wa serikali. Wapo walioichungulia ramani kila siku kutafuta nyumba ya jirani.

Tarakimu haikufanya kazi peke yake. Bei ya maji ilipandishwa kwa ngazi, shinikizo la maji kwenye mabomba likapunguzwa, na nyumba zilizokaidi zikafungiwa vifaa vinavyokata maji kiwango kikifika. Kwa pamoja, matumizi yaliyokuwa karibu lita bilioni 1.2 kwa siku mwaka 2015 yalishuka hadi milioni 500 na kitu mwanzoni mwa 2018. Lengo la jiji, lita milioni 450, halikufikiwa. Hata hivyo mji wa watu takriban milioni 4 ulikuwa umepunguza matumizi kwa zaidi ya nusu, bila bomba la nyumba moja kukauka kwa amri ya jumla.

Hesabu ya foleni

Kando ya 50 ilikuwepo tarakimu nyingine, ya kutisha. Akiba ya mabwawa ikifika asilimia 13.5, jiji lilisema, mabomba ya sehemu kubwa ya mji yatafungwa na wakazi watapanga foleni katika vituo takriban 200, kila mtu apate lita 25. Siku hiyo ikaitwa Siku ya Sifuri. Mwezi Januari ilitajwa kuwa 22 Aprili, kisha ikaletwa karibu zaidi, kuwa 12 Aprili.

Wananchi walichukua kalamu. Watu milioni 4 kwa vituo 200 ni watu 20,000 kwa kituo. Kituo kisipofungwa usiku wala mchana, ni watu kama 14 kila dakika. Tuseme kila familia ya watu wanne imtume mmoja: mtu huyo atabeba lita 100, yaani madumu matano ya lita 20, kilo 100 nzima, na kesho arudi. Bibi kizee anayeishi ghorofa ya tatu atafanyaje? Maduka yakaishiwa madumu na matangi. Huko Newlands, chini ya mlima, foleni ya chemchemi ikawa ndefu mchana na usiku.

Katika vitongoji vya mabati vya Khayelitsha hesabu hiyo haikushtua sana. Huko watu walikuwa wakichota kwenye bomba la pamoja miaka yote, na makazi ya aina hiyo yalitumia chini ya asilimia 5 ya maji ya mji. Wanaharakati waliuliza, kwa haki, ni nani hasa anayeogopa foleni.

Lita 25 nazo zina historia ya mahakamani. Kanuni za taifa za 2001 ziliweka kima cha chini kuwa lita 25 kwa mtu kwa siku, au lita 6,000 kwa nyumba kwa mwezi. Ukigawa lita 6,000 kwa siku 30 unapata lita 200 kwa siku, zinazotosha watu 8 kwa lita 25 kila mmoja. Wakazi wa Phiri, Soweto, waliofungiwa mita za malipo ya kabla na Jiji la Johannesburg, walidai kwamba hazitoshi, maana kwenye uwanja mmoja huishi watu wengi zaidi ya 8. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ikasema iwe lita 50. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ikasema 42. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Kate O'Regan, ikatengua zote mbili: kupanga tarakimu si kazi ya majaji bali ya serikali, mradi sera yake iwe ya busara na ipitiwe upya mara kwa mara. Kwa maneno mengine, ndoo ikarudishwa mezani kwa madiwani.

Kura 116

Meza hiyo ina kanuni zake. Tangu uchaguzi wa 2016, Halmashauri ya Jiji la Cape Town ina madiwani 231. Kifungu cha 160 cha Katiba kinasema kikao kisipige kura kabla ya wengi wao kuwepo. Mambo ya kawaida hupita kwa wingi wa kura zilizopigwa. Lakini sheria ndogo, bajeti, viwango vya kodi na mikopo huhitaji kuungwa mkono na zaidi ya nusu ya madiwani wote, waliohudhuria na wasiohudhuria, yaani kura 116. Diwani aliyebaki nyumbani na mafua amepiga kura ya hapana bila kunyanyua mkono. Na kifungu cha 162 kinaongeza kwamba sheria ndogo haitumiki mpaka ichapishwe kwenye gazeti rasmi la jimbo. Mbwa anaweza kubweka usiku kucha kati ya siku ya kura na siku ya kuchapishwa.

Desemba 2017 jiji lilikuwa na tatizo la aibu. Watu walikuwa wamebana matumizi, mauzo ya maji yakashuka, na mapato yakashuka nayo, wakati ule ule fedha zinahitajika kwa visima na mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari. Meya Patricia de Lille akaleta pendekezo la tozo ya ukame itakayolipwa kwa kufuata thamani ya nyumba. Sheria inataka maoni ya wananchi, na maoni yakamiminika kwa makumi ya maelfu. Aliyeoga ndani ya beseni miezi sita aliambiwa alipe zaidi kwa sababu nyumba yake ina thamani, si kwa sababu ametumia lita nyingi. Hakuna mita ambayo angeweza kuifunua asubuhi na kujiona amefaulu.

Tarehe 19 Januari 2018 halmashauri ikakutana. Tozo ikatupwa. Katika kikao hicho hicho madiwani wakamnyang'anya meya mamlaka ya kusimamia ukame na kumkabidhi naibu wake, Ian Neilson, pamoja na Xanthea Limberg aliyekuwa akishughulikia maji. De Lille alikuwa na mgogoro na chama chake mwenyewe, Democratic Alliance, chenye viti vingi mno katika halmashauri, na ugomvi huo ulikuwa na mambo mengi zaidi ya maji. Bado mkazi wa kawaida aliona kioja: miezi mitatu kabla ya mabomba kufungwa, wakubwa wanagombania usukani. Kabla ya mwezi kwisha, kiongozi wa taifa wa chama hicho, Mmusi Maimane, ambaye hakuwa diwani wala mwajiriwa wa jiji, alisimama mbele ya umma kuongoza kampeni ya kuishinda Siku ya Sifuri. Wapinzani waliuliza ni kifungu gani kinachompa kazi hiyo. De Lille aliendelea kuvutana na chama mahakamani mpaka alipojiuzulu umeya mwisho wa Oktoba 2018.

Siku ya Sifuri yenyewe haikufika. Mwezi Februari wakulima wa matunda wa eneo la Grabouw na Elgin, kupitia chama chao cha watumiaji maji cha Groenland, walifungulia mji lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao. Tarehe ikasukumwa Mei, Juni, Julai, na mwezi Machi ikatangazwa kwamba mwaka 2018 umesalimika. Mvua zikarudi, na Novemba 2020 jiji liliondoa vizuizi vyote vya maji.

Maji ya mwenzako

Kisa cha wakulima kinagusa mpaka ambao kura 116 haziwezi kuuvuka. Theewaterskloof si mali ya jiji. Ni ya Idara ya Maji ya taifa, na ndiyo inayoamua mashamba yapate kiasi gani na miji kiasi gani. Katika kiangazi kile kikali iliamuru miji ipunguze asilimia 45 na mashamba 60. Jiji liliweza kumhukumu mkazi kwa lita moja iliyozidi, huku zaidi ya nusu ya akiba ikisimamiwa na ofisi za Pretoria.

Wakenya wanaufahamu mpaka huo. Katiba yao ya 2010 inafanana na ile ya Afrika Kusini hata katika orodha: Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za maji na usafi, na katika orodha hiyo hiyo leseni za mbwa na mahali pa kutunzia na kuzikia wanyama. Bunge la Kaunti ya Nairobi lilipitisha sheria ya udhibiti na ustawi wa mbwa mwaka 2015. Lakini mgao wa maji ulipoanza Nairobi Januari 2017, bwawa lililopungua lilikuwa Ndakaini, na Ndakaini iko kaunti ya Murang'a. Gavana wa huko wakati huo, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake igawiwe sehemu ya mapato ya maji yanayotoka kwake. Kwa mbwa, Nairobi ilijitosheleza. Kwa maji ilibidi ibishe hodi.

Tanzania ilichagua njia nyingine. Sheria ndogo za halmashauri huhitaji idhini ya waziri, na maji ya miji husimamiwa na mamlaka zilizo chini ya Wizara ya Maji, bei zikipitishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Mto Ruvu ulipopungua Oktoba 2022 na uzalishaji wa Dar es Salaam ukashuka kutoka lita milioni 466 kwa siku hadi 300, ratiba ya mgao ilitoka DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji hilo, na ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Mwenye kupanga ndoo zake uani Tabata alijua siku ya maji kwa ratiba hiyo, na diwani wake aliisoma pamoja naye.

Cape Town, kwa upande wake, haijamalizana na suala la nani alipe. Katika bajeti ya 2025/26, chini ya Meya Geordin Hill-Lewis, tozo zisizobadilika za maji na maji taka zilipangwa kwa kufuata thamani ya nyumba, wazo lile lile lililotupwa Januari 2018. Safari hii lilipata kura zake. SAPOA, chama cha wamiliki wa majengo, kililipeleka mahakamani, kikihoji kama jiji linaweza kumtoza mtu huduma ya maji kwa kutazama bei ya nyumba yake badala ya kusoma mita.